Masahihisho ya Ukurasa wa Tisa

Karatasi ile ilijaa maneno makubwa ya kiserikali, shehena, machapisho, maadili, lakini neno lililomchoma Bakhita lilikuwa dogo, limekaa kimya mbele ya jina la ndugu yake: marehemu. Alilisoma kwa Kiarabu, akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma tena. Kikombe cha chai kikabaki hewani, hakiendi mdomoni wala hakishuki mezani.

"Marehemu Marhoon," alisema. "Nani marehemu?"

Kaka yake Majid alikuwa ng'ambo ya meza, keshavaa kanzu yake ya kazini na kilemba, anamega mkate wa kumimina bila ya kula. Nasriya, mkewe, alinyanyuka taratibu akaenda jikoni, kama mtu aliyesikia maziwa yanafurika.

"Tazama chini," Majid alisema. "Pale pa kutia saini."

"Nakuuliza nani marehemu, Kaka."

"Marhoon. Kafa huko huko kwao Manchester. Alikuwa akiumwa."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

Na ule ulikuwa mwezi wa kumi. Miezi minane wamekaa kwenye meza hii, nyumba hii ya mtaa wa Qurum, huku nchi ya Kiarabu, wamepanga harusi ya Bashayer, binti wa Majid, wamebishana kuhusu rangi ya mapazia ya ukumbini, na mtu huyu muda wote alikuwa anajua. Bakhita aliweka kikombe. Aliyekufa alikuwa mdogo wake, aliyemfuata ziwa.

"Na hukunambia."

"Ningekwambia nini? Ili ulie, watu waulize unamlilia nani?" Majid aliisogeza karatasi kwa ncha ya kidole. "Sikiliza. Kuna mtu kaleta kasha kutoka huko, kaliandika kwa jina lako. Wamelifungua bandarini, wamekuta magazeti ya makhanithi, kasha zima. Mkuu wa ukaguzi tunafahamiana, kanipigia simu mimi kwanza kwa hishima. Utie saini hapo, khalas. Wanachoma, hapana faili, hapana jina la mtu."

Bakhita alisoma pale pa kutia saini. Majid alikuwa keshajaza kila kitu kwa kalamu yake nzuri. Kilichobaki ni saini tu. Juu ya mstari pameandikwa: *Simjui mtumaji wala mwenye mali hii, na sina uhusiano naye.*

"Hapa pameandikwa simjui."

"Maneno ya fomu tu hayo."

"Nimembeba mgongoni, Kaka. Alipougua surua nlikuwa nikilala naye mkeka mmoja. Leo niandike simjui?"

"Harusi imebaki wiki tano!" Majid alipiga meza, kijiko kikaruka. "Wakwe zetu ni watu wa watu. Wataka waambiwe nini? Ami yake bibi harusi alikuwa khanithi, na akitengeneza magazeti ya makhanithi wenziwe? Mimi nina cheo, nina jina. Wewe una nini cha kupoteza?"

Alisema vile kwa mwanamke aliyerudi kwake na talaka mkononi miaka kumi na tano nyuma, na kila mmoja pale alijua kwa nini kasema vile. Bakhita aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake wa skuli anakosomesha.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Nikaone nisilolijua."

* * *

Majid aling'ang'ania kumpeleka, ili jambo limalizike mbele ya macho yake. Ofisi ya ukaguzi ilikuwa ghorofa ya pili, ina baridi ya kiyoyozi ya kutetemesha mtu, na viti vya kungojea vimepangwa mkabala wa mlango ulio wazi, hivyo kila apitaye koridoni aliwaona waliokaa. Waliachwa pale zaidi ya saa nzima. Karani kijana alitoka mara tatu kumtazama Bakhita, akarudi ndani, na kila akirudi kilisikika kicheko.

Awadh, mkuu wa pale, alikuwa mtu mzima mwenye mifuko chini ya macho. Alimkaribisha Majid kwa kumbusu pua, Bakhita akamwashiria kiti kwa kalamu. Walizungumza Kiarabu. Bakhita alimrudishia fomu ile haina saini.

"Mimi namjua," alisema. "Nataka kuviona vitu vyangu."

"Kuvichukua huvichukui, ukhti. Hivi ni vya kuchomwa."

"Nimesema kuviona."

Awadh alimtazama Majid, Majid akatazama dirishani. Kisha mkuu akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la uvivu, si la huruma. Kanuni ilitaka kila nakala iorodheshwe kabla ya kuchomwa: tarehe, idadi ya kurasa, yaliyomo. Nakala zilikuwa mia mbili na ushei, zote za Kiingereza. Karani alikuwa kakataa kuzigusa, ati keshatawadha. Na mtarjuma yuko likizo.

"Kaka yako kanambia wewe ni mwalimu wa Kiingereza," Awadh alisema. "Basi, ustadha, orodhesha mwenyewe. Lakini lazima ujiandikishe kama mpokeaji. Na uandike uhusiano wako na marehemu."

"Bakhita," Majid alisema kwa Kiswahili cha nyumbani, chini kwa chini. "Bakhita, n'nakwambia mbele ya Mungu, usiandike."

Aliandika: *ndugu wa tumbo moja*. Aliandika kwa hati ya ubaoni, iliyo wazi, ambayo hata mtoto aliye nyuma kabisa ya darasa huisoma. Majid alisimama. Koridoni alikuwa akipita mtu wa wizara anayefahamiana naye. Majid alijifunika uso kwa ncha ya kilemba kama mwenye mafua, akatoka akaenda kukaa garini.

* * *

Walimweka kwenye chumba cha stoo, mlango wazi, mlinzi kakaa kizingitini. Karani alimsukumia magazeti ya mwanzo kwa ncha ya rula.

Ya chini kabisa kashani hayakuwa hata magazeti. Yalikuwa karatasi tatu tatu zilizopigwa taipu na kurudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino umevuja, pini zimeota kutu. Bakhita aliijua mashine ile; alipoanza kazi ndiyo iliyokuwa ikitoa mitihani, na ikimtia wino hadi vifundoni. Mwaka 1980. Hapana picha, hapana jina la ukoo la mtu yeyote. Jina la jarida kwa Kiswahili lingekuwa *Jirani*. Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: *Mpiga chapa, M.*

Kwa hivyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Nyumbani ilisemwa Marhoon mlevi, Marhoon anafagia mitaa ya wazungu. Kumbe, mwenyewe kaeleza humo, alikuwa fundi katika kiwanda cha chapa, anachapa kadi za harusi za watu, na bwana wake akitoka kwenda kula mchana anachapa lile jarida la kurasa tatu, linatiwa kwenye bahasha za kaki na kupelekwa kwa posta ili mshika barua asijue kilichomo.

Kwenye safu ya "yaliyomo", nakala ya kwanza na ya pili, Bakhita aliandika kama alivyoelekezwa: *kinyume cha maadili*. Ya tatu aliifungua akaisoma. Ilikuwa na orodha ya madaktari wasiotukana wagonjwa. Kalamu ikasita. Akaandika: *majina ya madaktari*.

Kuanzia 1984 *Jirani* lilikuwa gazeti hasa, pana, la karatasi nyepesi inayochafua vidole, la kukunjwa na kutiwa kwapani. Lilikuwa na kelele. Vichwa vya habari vilipiga makelele juu ya polisi, juu ya wenye nyumba waliowafukuza wapangaji, juu ya maandamano. Kisha, taratibu, likaanza kukonda. Nakala za 1987 zilikuwa na kurasa nane tu, na mbili kati ya hizo ni majina ya waliokufa, kila jina na umri wake: ishirini na sita, thelathini na moja, ishirini na nne. Bakhita aligeuza moja, akageuza ya pili. Skuli yake ilikuwa na madarasa ishirini, na majina yale yangeyajaza mawili.

Ndani ya kurasa zile za msiba ndugu yake alikuwa na safu yake. Alikuwa akiwafundisha watu kupika. Alieleza namna ya kupika uji wa mchele mwepesi kwa mtu mwenye vidonda mdomoni, namna ya kumkalisha mgonjwa ili asipaliwe, na tui lipi zito na lipi jepesi kwa tumbo lisiloshika kitu. "Mamaake akikataa kuja kumwona," aliandika mahali pamoja, "usimwambie mgonjwa. Mwambie yuko njiani, na mpe uji."

Mlinzi aligeuka kutazama kwa sababu mwanamke aliyekuwa ndani alitoa sauti. Bakhita alikohoa, akaandika: *uji wa mchele*.

Ya miaka ya tisini yalikuja na rangi. Karatasi nzito inayong'aa, vijana wenye vifua wazi, matangazo ya vinywaji na ya mashirika ya ndege. Karani aliyekuwa hataki kuyagusa sasa alisimama muda mrefu kuyapanga. Safu ya Marhoon ilibanwa ikawa na upana wa kiganja, kisha ikahamishiwa nyuma karibu na matangazo ya nyumba za kupanga. "Zamani hatukuwa na rangi, lakini tulikuwa na nafasi," alilalamika humo. Baadaye jarida likawa dogo la kutia mfukoni, linagaiwa bure. La mwisho kabisa, la 2002, lilikuwa karatasi moja tu: *Jirani* halichapwi tena, litasomwa kwenye kompyuta, na nakala zote za zamani zitapandishwa huko moja baada ya moja. Chini palikuwa na anwani ya huko, nambari ya simu na jina, Ivan. Bakhita aliinakili nambari kwenye kiganja chake.

Nakala ya Mei 1992 ilikuwa imekwama chini ya mkunjo wa kasha, akaitoa mwisho. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kichwa kisemacho: "Nimechelewa kwa asubuhi moja."

Marhoon aliandika kwamba alipata habari mama yake hajiwezi, akakopa nauli, akafika uwanja wa ndege wa Seeb tarehe tatu Machi. Kaka yake alikuwa akimngoja. Kaka alimkumbatia, akamwambia mama amefariki usiku na asubuhi hii wamekwishamzika. Walikaa garini muda wa saa mbili. Kaka alimpa maji. Alimwambia nyumba imejaa watu, na si vizuri mtu kama yeye kuonekana mbele ya wazee siku ya msiba, atamvunjia maiti hishima. Yeye alikubali. Alirudi Manchester kwa ndege ya mchana. "Sikumlaumu," aliandika. "Maiti hangojewi. Najilaumu mimi niliyechelewa."

Bakhita alisoma tarehe. Alisoma tena.

Mama yao alikufa katika kumi la mwanzo la Ramadhani. Yeye Bakhita ndiye aliyekuwa hospitali, alitoka kufuturu kwa tende na maji koridoni, akarudi akamkuta katulia. Na tarehe tatu Machi mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama. Siku ile ambayo Majid alikaa garini akimpa Marhoon maji, mama alikuwa hai. Alikaa hai siku kumi na moja nyingine. Kila mlango wa wadi ulipofunguka alinyanyua shingo kutoka kwenye mto: "Marhoon huyo?" Na Majid, amesimama miguuni pa kitanda, akijibu: "Kasema ana kazi nyingi, mama. Kasema haji."

Naye Bakhita aliamini. Alimchukia Marhoon kwa jibu lile kwa miaka kumi na moja. Kadi zake za Idi alizirudisha posta bila ya kuzifungua, moja, mbili, mpaka zikakoma kuja.

Machozi hayakuja. Aliandika ile nakala ya mwisho kwenye orodha, akabeba makaratasi akampelekea Awadh.

Awadh alipitisha kidole kwenye safu. "Ustadha, hapa umeandika uji wa mchele."

"Ndiyo yaliyomo."

"Na hapa: *uongo aliodanganywa mtu kuhusu mamake*. Hili nalo ni la kuchomwa kwa kifungu gani?"

"Nikuulize wewe. Wewe ndiye unayechoma. Umesoma hata moja?"

"Mimi sisomi, ukhti," Awadh alisema, akavuta kidau cha wino. "Mimi nagonga mhuri."

Na akagonga.

* * *

Majid aliwasha gari kabla hata mlango haujafungwa. Walifika barabara kuu ndipo akauliza: "Kumekwisha?"

"Alikuja," Bakhita alisema.

"Nani?"

"Marhoon alikuja. Tarehe tatu Machi. Ulimpokea Seeb ukamwambia mama keshazikwa."

Majid alipita gari mbili, akarudi kwenye njia yake. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani.

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Kaandika. Nimesoma sasa hivi kwa macho yangu, na yule rafiki yako atayachoma Jumatano. Sema ni uongo, Kaka. Sema tu ni uongo."

"Hukumwona alivyokuja!" Majid alipasuka. "Hukumwona wewe. Kakonda kama ukuti, suruali imembana, hereni sikioni. Hereni, Bakhita! Wadi nzima imejaa watu wetu, masheikh wanaingia na kutoka, na mimi siku tatu tu nimepandishwa cheo. Ningemwingiza vipi? Ningesema huyu ni nani?"

"Ungesema ni mwanawe."

"Nlimlinda mama."

"Ulimlinda na nini? Mama alikuwa akimwita! Mimi nlikuwa nikimpangusa mate na yeye anamwita, na wewe umesimama pale unajua yuko wapi!"

"Kupiga kelele hakumrudishi mtu."

"Simamisha gari."

"Tuko barabarani, usiwe—"

"Simamisha gari, Majid." Katika maisha yake yote hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Alifungua mlango gari ikiwa bado inatambaa, na Majid akalazimika kukanyaga breki. Nyuma yao honi zikalia.

Palikuwa Wattaya, mbele ya maduka ya magari, saa nane ya mchana. Hakuna anayekwenda kwa miguu pale. Bakhita alitembea na baibui lake jeusi kandoni mwa vioo virefu ambamo magari mapya yalikaa kwenye kivuli na baridi kuliko yeye. Wauzaji walisimama wakimtazama. Teksi mbili zilipunguza mwendo zikamlilia honi, na kijana mmoja kwenye gari ya kukodi alimtupia neno la ovyo. Hakugeuka. Jasho lilianza kuifuta nambari kiganjani, akakifumba tena kwa nguvu.

* * *

Duka la intaneti lilikuwa nyuma ya maduka ya magari, kompyuta sita na feni moja. Aliyelitunza alikuwa Mkenya, Cornelius, shati limepigwa pasi vizuri, na alipomsikia Bakhita akijisemea kwa Kiswahili alimvutia kiti na kumpa maji kabla ya kumuuliza shida yake.

Bakhita alimwandikia anwani aliyoikumbuka kutoka kwenye karatasi ya mwisho. Cornelius aliipiga. Ukurasa ulikuja mweupe na maandishi mafupi kwa Kiarabu na Kiingereza.

"Mama, hii imefungwa," Cornelius alisema. "Si sisi tumeifunga, ni huko juu. Hata ukienda duka lingine ni hivyo hivyo."

"Kuna nini humo kinachowatisha?"

"Sijui mama. Mimi sijaifungua." Alisema haraka, kisha akaona uso wake, akashusha sauti. "Pole sana. Kama unataka kuongea na mtu wa huko, kuna simu ya kadi hapo kwa mlango. Kadi ninazo."

Simu iliita mara sita. Sauti iliyojibu kwa Kiingereza ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. Bakhita alisema jina lake, na yule mtu akasema kwa Kiswahili cha bara:

"Dada Bakhita? Ni wewe kweli?"

Alikuwa Ivan, mtu wa Nakuru, muuguzi, aliyekaa nyumba moja na Marhoon miaka kumi na saba. Bakhita hakuuliza walikaa kama nani. Alijua, na alishangaa jinsi kujua kulivyokuwa hakumbabaishi tena.

"Nilipiga simu huko February," Ivan alisema. "Mwanamume mmoja akaniambia nisipige tena. Ndiyo nikatuma hilo boksi kwa jina lako. Marhoon alisema wewe ndiye utasoma."

"Nimesoma. Wanayachoma."

"Waache wachome. Nakala zingine ziko kwa maktaba hapa, na tumeanza kuziweka kwa mtandao. Karatasi ilikuwa tu— Alikuwa anapenda karatasi."

"Ivan, nataka kukuuliza. Alikufa akijua nini kuhusu mama?"

"Kwamba alichelewa. Hiyo ilimsumbua mpaka mwisho. Kila mwaka tarehe tatu March alikuwa hali chakula mchana wote."

Bakhita aliegemea kioo cha duka. Mbele yake lori lilikuwa linashusha magari mapya. Alifikiri angeweza kunyamaza. Mwenyewe keshakufa, na huyu wa upande wa pili ana msiba wake, kuna faida gani kumtia kidonda kipya? Ndivyo watu wazuri wanavyofanya: wanaficha, wanasetiri, wanasema kupiga kelele hakumrudishi mtu.

"Hakuchelewa," alisema. Na akamwambia yote.

Ivan alisikika akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

"Ule ukurasa uko kwa mtandao tayari," Ivan alisema. "Ukurasa wa tisa. Niliuweka mwenyewe mwezi wa nane. Vile ilivyo, ni uongo."

"Waweza kuufuta?"

"Siwezi kufuta maneno yake. Lakini hii si karatasi, dada. Naweza kuandika chini yake leo hii, na yeyote atakayeisoma atasoma na hiyo. Masahihisho. Sema niandike nini."

Bakhita alikuwa mwalimu. Kusahihisha ndiyo kazi yake. Alisema sentensi kwa Kiingereza, kisha akazirudia kwa Kiswahili, herufi kwa herufi palipokuwa na shaka, ili watu wao walioko Dubai na London na Unguja wasije wakasema hawakufahamu. *Marhoon hakuchelewa. Alifika mama yake akiwa hai. Kaka yake Majid alimdanganya uwanjani, akamnyima mama mwanawe na mwana mama yake. Mama aliishi siku kumi na moja baada ya hapo, na kila siku alimwita.*

"Na jina?" Ivan aliuliza. "Watu wengine hapa huweka herufi moja tu. Kwa usalama."

"Weka jina langu lote. Na jina la baba, na la babu."

* * *

Hakurudi Qurum ila kuchukua nguo. Wadha, mwalimu mwenzake, alikuwa na chumba kisicho na mtu katika fleti yake hapo hapo Wattaya, na hakuuliza maswali. Jumatano Bakhita aliomba kuhudhuria uchomaji, akaambiwa hakuna utaratibu wa kuhudhuria.

Wiki ya nne, alasiri, mlango uligongwa. Alikuwa Majid, peke yake, bila ya kilemba, kofia tu kichwani. Mkononi alishika karatasi laini ya faksi inayojikunja yenyewe. Talal, binamu yao wa London, ndiye aliyeituma, na kabla ya kuituma kwa Majid alikuwa keshaituma kwa watu saba.

Bakhita alikuwa anasahihisha madaftari. Hakumkaribisha kiti. Majid alikaa mwenyewe ukingoni.

"Iondoe," alisema. "Naambiwa yule mtu wako anaweza kuiondoa kwa kidole kimoja. Harusi imebaki siku kumi. Mama yake bwana harusi kaniuliza jana, mbele za watu, eti n'na ndugu wangapi. Unajua nilivyomjibu?"

"Ulimjibu wangapi?"

"Iondoe, Bakhita. Nakuomba. Sijapata kukuomba kitu."

Bakhita aliichukua faksi, akainyoosha juu ya meza, akaibana kwa daftari upande huu na upande huu. Alimsukumia kalamu nyekundu.

"Haya. Piga mstari palipo na uongo. Neno lolote. Ukinionyesha neno moja tu la uongo, napiga simu sasa hivi mbele yako, nawaambia wafute yote."

Majid aliinama. Alisoma ya Marhoon, kisha yale masahihisho ya chini. Kalamu ilipita juu ya mistari bila ya kugusa, ikarudi juu, ikashuka tena. Jikoni Wadha alifungua bomba, akalifunga. Alipofika mwisho Majid alibaki ameinama vile vile, na Bakhita aliona utosi wa kaka yake umeota mvi ambazo kilemba kilizificha.

"Hakuandika yote," Majid alisema.

"Nini?"

"Kule garini. Aliniuliza kitu, na hakukiandika. Aliniuliza, mama alinitaja? Mara mbili aliniuliza. Nikamwambia hapana. Nikamwambia hakukutaja hata mara moja."

Bakhita alinyoosha mkono akamtoa kalamu vidoleni. Alitaka kumpiga, mkono wake wote ulikuwa unalitaka lile. Badala yake alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe ya siku ile juu, upande wa kulia.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Naandika."